Kuchagua Rangi za Mfarishi wa Viraka



Mara nyingi tumeulizwa na akina mama wa vikundi vya kushona swali hili: "Mwalimu, viraka tunavyo, cherehani tunayo, na nguvu tunazo. Mbona mfarishi wetu ukiisha hautazamiki?" Swali hilo ni zuri, na sisi wenyewe tuliwahi kujiuliza, tena baada ya kuaibika. Katika somo hili tutajaribu kulijibu hatua kwa hatua. Yafaa msomaji awe na mfuko wake wa mabaki ya vitambaa karibu, ili ajaribu kila jambo tunalolieleza.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Mfarishi ni kifuniko cha kitanda chenye tabaka tatu: uso wa juu, kijazio cha katikati cha kuleta joto, na bitana ya chini. Wengine huuita blanketi la viraka. Huku kwetu nyanda za juu, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi huingia hadi mifupani, mfarishi si pambo. Lakini kitu kikiwa cha lazima hakikatazwi kuwa kizuri.

AIBU YA MNADA

Miaka michache iliyopita kikundi chetu cha akina mama, ambacho hukutana kila Jumanne alasiri, kiliamua kushona mfarishi wa kuuza kwenye mnada wa mavuno. Kila mmoja aliambiwa alete kipande chake kizuri kuliko vyote. Basi vikaja vitenge vya manjano makali, vyekundu, vya zambarau, vya kijani kibichi, vyote vya maua makubwa na vyote vinang'aa. Tulishona majuma sita. Siku ya mnada uliinuliwa juu watu wauone, na ukumbi ukanyamaza. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, ila sote tulimsikia, "Huu ukilala nao hulali." Ukanunuliwa kwa huruma, kwa bei isiyofikia hata gharama ya bitana.

Tulirudi nyumbani tumeinamisha vichwa. Jumanne iliyofuata tukajiuliza kosa liko wapi, kwa maana kila kipande peke yake kilikuwa kizuri. Tuligundua kwamba hapo hasa ndipo kosa lilipo. Tulikuwa tumekusanya waimbaji watupu wa sauti ya kwanza, kila mmoja anaimba kwa nguvu zake zote, wala hakuna wa kuitikia. Kwaya haiimbi hivyo, na mfarishi pia haushonwi hivyo.

1. MWANGA NA GIZA KWANZA, RANGI BAADAYE

Jambo la kwanza, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni hili: kabla ya kuuliza kitambaa ni cha rangi gani, uliza kama ni cha mwanga au cha giza. Buluu ya mbinguni ni ya mwanga, buluu ya kaniki ni ya giza. Waridi ni ya mwanga, damu ya mzee ni ya giza, ijapokuwa zote mbili ni za jamii ya nyekundu. Jicho la mtu huona kwanza tofauti ya mwanga na giza, ndipo baadaye lione rangi. Mfarishi wenye rangi ishirini utapendeza ikiwa mwanga na giza vimepangwa vema. Wenye rangi tatu tu utachosha ikiwa zote zina mwanga sawa.

Mwaga mabaki yako mkekani uyagawe mafungu matatu: ya mwanga, ya kati na ya giza. Ukiwa na mashaka, zipo njia tatu za kupima:

(a) Finya macho mpaka uone kwa shida. Maua na michoro hupotea, na mwanga na giza hubaki.

(b) Yatazame jioni, kabla taa haijawashwa. Wakati huo rangi hufa moja moja, na vitambaa hujipanga vyenyewe.

(c) Mwenye simu ya kamera apige picha, kisha aigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Vipande viwili ulivyodhani ni tofauti sana, pengine chekundu na kijani, vitaonekana kijivu kimoja. Ujue basi kwamba ukiviweka pamoja vitagombana bila mmoja kumshinda mwenzake.

Kumbuka pia kwamba fungu la kati halina msimamo. Kaki ikiwekwa karibu na bafta nyeupe huonekana ya giza, na ikiwekwa karibu na kaniki huonekana ya mwanga. Usiogope jambo hilo, kwani litakusaidia tutakapofika kwenye hesabu.

2. DUARA LA RANGI

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa sayansi kimu alitufundisha duara la rangi kwa sahani na vijiti vya chaki. Alichora duara kwa kuzungushia sahani ubaoni, akaweka nyekundu, manjano na buluu katika pembe tatu. Kati ya nyekundu na manjano akaweka rangi ya chungwa, kwa kuwa hutokana na hizo mbili zikichanganywa. Kati ya manjano na buluu akaweka kijani. Kati ya buluu na nyekundu akaweka zambarau. Tulipokwenda kufundisha, nasi tulilichora duara hilo miaka yetu yote, maana linasaidia kuliko maneno mengi.

Rangi zilizo jirani katika duara hupatana kwa upole: buluu na kijani, au manjano na chungwa. Rangi zinazotazamana huchocheana: buluu na chungwa, nyekundu na kijani, manjano na zambarau. Ukizitia kwa kiasi sawa zinazotazamana, macho hayatulii. Ukiitia moja kwa wingi na nyingine kwa uchache, ile chache huwaka kama kaa katika jivu.

Tena, rangi za moto, yaani nyekundu, chungwa na manjano, husogea mbele na huonekana kutoka mbali. Za baridi, yaani buluu, kijani na zambarau ya buluu, hurudi nyuma. Kwa hiyo kipande kimoja cha chungwa huonekana kikubwa kuliko kipande cha buluu cha kipimo kile kile. Shika sana jambo hili, tutalirudia.

3. UKOO WA RANGI

Wengi huamini kwamba mfarishi wa mabaki ni wa kutia chochote kinachopatikana. Sivyo. Ni mabaki, lakini yachaguliwe. Njia rahisi ya kuchagua ni kutafuta kitambaa kiongozi. Chukua kitenge kimoja unachokipenda, kipande kidogo tu chatosha, uhesabu rangi zilizomo. Aliyekichora alikwisha kukufanyia kazi ya kupatanisha. Ikiwa kina buluu ya giza, kijani cha majani, maziwa na doa dogo la manjano, basi huo ndio ukoo wako. Pekua mfukoni utoe kila kipande cha ukoo huo, wenye mwanga na wenye giza, na manjano ibaki chache kama ilivyo chache katika kiongozi.

Wasio na kiongozi wanaweza kujifunza kwenye kanga. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina lake. Tazama kisutu, ile kanga ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe tu. Nyeusi ni giza, nyeupe ni mwanga, nyekundu ni moto. Rangi tatu hizo zimewatosha wanawake wa pwani kwa vizazi vingi, wala hazijachoka. Hakuna haja ya rangi kumi na tano ili mfarishi uwe tajiri.

Katika kikundi chetu tumejaribu koo tatu zilizotufaa: udongo mwekundu, hudhurungi, maziwa na kijani kidogo, buluu za kila namna pamoja na nyeupe na kaki, na damu ya mzee pamoja na waridi, kijivu na nyeusi. Kila kikundi kitaona mabaki ya mafundi wake yanaelekea wapi. Fundi aliye karibu na shule atakupa mabaki mengi ya sare. Aliye karibu na soko atakupa vitenge.

4. RANGI ZA KUPUMZISHIA MACHO

Katika mfarishi wetu wa mnada hakukuwa na mahali pa macho kupumzika. Dawa yake ni vitambaa visivyo na mchoro na visivyopiga kelele: bafta, amerikani, kaki, kijivu, kaniki. Amerikani hasa ni rafiki mkubwa wa mshonaji. Watoto wetu hulitaja jina hilo bila kujua linatoka wapi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao wa mji wa Salem katika Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya nchi yao, na watu wakakipa jina la walikotoka. Weupe wake si mkali kama wa bafta. Unaelekea maziwa, na kwa hiyo hupatanisha rangi zinazogombana.

Pamoja na hayo angalia ukubwa wa michoro. Maua makubwa yakikatwa vipande vidogo hupoteza sura, na yakikaa jirani na maua mengine makubwa hukanganya. Changanya makubwa machache, madogo mengi, na yasiyo na mchoro kabisa. Ukitumia kanga, maandishi ya jina yakikatwa katikati ya neno huweza kuleta maana usiyoikusudia, kwa hiyo soma kabla hujakata!

5. HESABU YA VIPANDE

Tuchukue kitanda cha futi tatu na nusu kwa futi sita. Tutashona miraba ya sentimita 15 kila upande ikiisha kushonwa. Kata kila mmoja sentimita 16.5, ili upate robo tatu ya sentimita ya mshono kila upande. Safu 9 kwa upana na mistari 14 kwa urefu hutoa vipande 126, na uso wa sentimita 135 kwa 210. Huo unatosha kitanda na kuning'inia kidogo pembeni.

Panga mwanga na giza kwa kupokezana kama ubao wa drafti. Nafasi 63 zitakuwa za mwanga na 63 za giza. Kata vipande 50 vya mwanga hasa, 50 vya giza hasa, na 26 vya kati. Vya kati gawa nusu kwa nusu, 13 vikae nafasi za mwanga, 13 vikae nafasi za giza. Hapo ndipo kule kutokuwa na msimamo kwa fungu la kati kunapofaa, maana mpango wa drafti utalegea hapa na pale, na mfarishi hautaonekana kama sakafu ya hospitali.

Kwa bitana doti moja ya kanga yatosha. Ikate zitengane, kisha ziunge kwa upande mrefu. Kanga nyingi zina kama sentimita 150 kwa 110, hivyo utapata karibu 150 kwa 218. Pima yako kwanza, kwani hutofautiana. Kijazio kiwe blanketi kuukuu lililofuliwa.

Kabla ya kushona hata mshono mmoja, panga vipande vyote sakafuni, kisha simama mlangoni utazame. Rangi yoyote ionekane angalau mahali patatu panapofanya pembe tatu, si kona moja tu. Rangi iliyo mahali pamoja huonekana kosa, na ikirudiwa mahali patatu huonekana kusudi. Ukimaliza kupanga, usishone siku hiyo. Rudi kesho yake na macho mapya.

6. SHATI LA RANGI YA CHUNGWA

Sasa tutasimulia jambo lililotufundisha sisi walimu. Mama mmoja wa kikundi chetu alifiwa na mume wake aliyekuwa dereva. Mwaka uliofuata binti yao alichaguliwa kwenda kidato cha tano katika shule ya bweni yenye baridi kuliko kwetu. Mama akaleta fuko la nguo za marehemu akasema, "Mwalimu, mtoto aende na baba yake." Tulielewa. Kikundi kizima kikakubali kumsaidia.

Tulizimwaga mkekani. Kulikuwa na mashati ya kazi ya buluu ya mwanga, mengine yamepauka mpaka kukaribia weupe, suruali za kaki, suruali mbili za buluu ya giza, na shati moja la rangi ya chungwa kali. Sisi tulifurahi, kwa maana ukoo wa rangi ulikuwa umejichagua wenyewe: buluu na kaki. Giza lilipungua kidogo, tukaongeza kaniki. Shati la chungwa tukaliweka kando.

Mama akauliza, "Yote yameingia?"

Tukamjibu, "Yameingia, mama, isipokuwa hili. Linaharibu. Ukilitia, mtu hataona kingine chochote."

Hakujibu. Alilikunja lile shati akalitia mkobani, akaenda nyumbani kabla ya chai. Jumanne iliyofuata hakuja. Ya pili pia hakuja, akatuma salamu kwamba ana shughuli. Sisi tukaendelea kushona, na mistari minne ikawa imekwisha kuungwa. Jumanne ya tatu tulikwenda kwake.

Alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Baada ya kujuliana hali akasema, "Mwalimu, mashati yale mengine alipewa kazini. Lile la chungwa alilinunua mwenyewe, mwaka binti alipokwenda kidato cha kwanza. Kila likizo alikuwa akimpokea kituoni. Pale pana watu wengi, magari mengi. Akasema, nitavaa hili, mwanangu anione kutoka mbali."

Tulinyamaza. Zaidi ya miaka thelathini tulikuwa tukiwafundisha watoto kwamba rangi za moto husogea mbele na huonekana kutoka mbali. Marehemu hakukaa darasani mwetu, lakini alilijua somo hilo, akalitumia kuliko sisi. Sisi tulilitupa shati kwa sababu ile ile iliyomfanya yeye alinunue. Tena tulikuwa tumeamua juu ya nguo za mume wa mtu bila kumwuliza mwenyewe hata neno moja.

Tukamwomba radhi. Kisha tukamwomba shati.

Kazi ilikuwa kulitia bila kuumeza mfarishi. Hapa kanuni zilitusaidia. Buluu na chungwa hutazamana katika duara, kwa hiyo chungwa ikiwa chache huwaka, ikiwa nyingi huunguza. Na kosa lililo mahali pamoja huwa kusudi likirudiwa. Mgongo wa shati ulitupa vipande tisa kamili, tatu kwa tatu. Tisa katika 126 ni kimoja kwa kila kumi na vinne. Tulifumua ile mistari minne, tukaweka kipande kimoja katika kila safu ya zile tisa, pasiwe na viwili katika mstari mmoja, wala viwili vinavyogusana pembe. Kwa kuwa chungwa ile ilikuwa ya mwanga wa kati, tuliihesabu miongoni mwa vile 26, ikakaa mahali pengine kwa nafasi ya mwanga na pengine kwa nafasi ya giza.

Tuliposimama mlangoni kutazama, tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Zile buluu zilizopauka, ambazo awali tuliziona zimetulia vizuri, sasa zilionekana zimeamka. Bila chungwa mfarishi ule ungekuwa wa adabu tu. Pamoja nayo ulikuwa wa mtu fulani.

Binti alipokunjuliwa, alivigusa vile vipande kimoja kimoja kwa kidole, akivihesabu. Alipofika tisa akaukunja, akauweka juu ya sanduku lake la safari. Mama yake alitutazama, akatikisa kichwa kukubali. Hatukuhitaji shukrani nyingine.

7. AKINA MAMA WA GEE'S BEND

Baadaye tulisoma kwamba hatukuwa wa kwanza kushona mfarishi kwa nguo za marehemu. Nchini Marekani, katika jimbo la Alabama, kiko kijiji kiitwacho Gee's Bend, ambacho mto Alabama umekizunguka pande tatu. Wakazi wake wengi ni wazao wa watumwa waliolima pamba katika shamba lililoanzishwa mwaka 1816 na Joseph Gee, kisha likawa la ukoo wa Pettway. Wengi hata leo wanaitwa Pettway. Nyumba zilikuwa za baridi, na wanawake walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa na magunia ya pamba.

Mwaka 1942 mama mmoja wa kijiji hicho, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Alizichukua nguo zake za shambani akazishona mfarishi. Binti yake Arlonzia, aliyemsaidia, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika kwa upendo wake.

Mifarishi ya namna hiyo ina fundisho kubwa la rangi. Mfuko wa suruali ya kazi ukibanduliwa, chini yake hubaki alama ya rangi ya asili ambayo jua na sabuni havikuifikia. Akina mama wale hawakuzificha alama hizo. Walizitumia. Kitambaa kimoja kikatoa mwanga na giza chake chenyewe. Nasi tulipolijua hilo tuliacha kutupa vipande vilivyopauka. Nguo iliyopauka haijaharibika, imeongeza rangi ya pili.

Jambo jingine litakalowapendeza wasomaji wa gazeti hili ni kwamba aliyewasaidia kufungua soko alikuwa kasisi wa Kanisa la Episcopal, lililo katika ushirika wetu wa Anglikana, Padre Francis X. Walter. Mwaka 1965 aliona mifarishi imeanikwa kambani. Ilikuwa wakati wa kudai haki ya kupiga kura, na watu weusi wengi wa upande ule walikuwa wakiadhibiwa kwa kuidai. Mwaka 1966 ushirika ulianzishwa ukiitwa Freedom Quilting Bee, na mwaka huo huo mifarishi yao ikapigwa mnada New York. Mwaka 1972 walipata kazi ya kushonea duka la Sears foronya za kodrai, zote za namna moja kama walivyoagizwa. Lakini mabaki ya kodrai ile waliyapeleka nyumbani, na huko kila mama aliyapanga alivyoona yeye. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji kile ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, kisha Whitney huko New York, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye picha zake.

8. TAHADHARI MBILI

Ya kwanza ni kuchuja. Rangi nzuri ikichuja huharibu zote. Fua kila kitambaa peke yake kabla ya kukata, hasa kaniki, nyekundu na nyeusi mpya. Kisha kisugue kikiwa kibichi kwa kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, fua tena mpaka maji yawe safi. Kisipokoma, kiache. Wengi huloweka katika chumvi au siki, lakini kwa vitambaa vya viwandani njia hiyo isitegemewe.

Ya pili ni aina ya kitambaa. Pamba na nailoni hazizeeki pamoja, moja itarudi na nyingine itakaa. Ukiwa na shaka, choma uzi mmoja. Wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu. Wa nailoni au poliesta huyeyuka na kuwa tone gumu.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mwageni mabaki yenu mkayagawe mafungu matatu. Ni fungu gani limepungua? Mtalipata wapi bila kununua?

2. Chagueni kitenge kimoja kiwe kiongozi. Kina rangi ngapi? Ipi ni nyingi, na ipi ni chache?

3. Katika mabaki yenu ni kipande gani ambacho wote mmekubaliana kukitupa? Kabla ya kukitupa, mwulizeni aliyekileta kilikotoka.

4. Kipande hicho kingekatwa vidogo na kurudiwa mara tisa, kingekaa wapi?

Swali la tatu ndilo tungependa mlianze kabla ya mengine, maana sisi tulilichelewesha, na mama wa watu akakaa nyumbani majuma mawili na shati mkobani. Katika somo lijalo, tukijaliwa, tutaeleza jinsi ya kuunganisha tabaka tatu na kuzipiga bandi zisihame. Kwa sasa kusanyeni vipande, na msivitupe vilivyopauka.

Tunawatakia mikono mizuri.